Mwanafunzi wa Tano wa Mama Skola

Siku ile sebuleni kwetu tulikuwa watu saba. Baba mdogo Edmundi, aliyekalia kiti pekee chenye mgongo. Mkewe, Mama mdogo Sara, aliyekuja kutoka Makambako na koti jipya ambalo hakulivua mpaka alipoondoka. Shangazi Agnesi, aliyefika jana yake kutoka Ikonda na kuku aliyefungwa miguu. Wadogo zangu watatu, Eda, Yohana na Bahati, wamebanana kwenye benchi chini ya dirisha. Na mimi, Tulizo, mwenye miaka kumi na tisa, nimesimama mlangoni kwa sababu chai ilikuwa motoni na sikutaka ifurike huku wao wakiamua maisha yetu. Nawataja wote kwa majina kwa sababu wiki iliyopita tumemzika mtu ambaye siku ile hakuwapo, wala hakuna hata mmoja kati yetu saba aliyekuwa akimfahamu, na njia nzima ya kurudi kutoka makaburini nilijiuliza watoto wale wa benchini wangekuwa wapi leo kama nisingemchagua yeye.

Ilikuwa baada ya Pasaka, na baridi ya Njombe ilikuwa imeanza kung'ata masikio. Kwa miezi kumi, tangu tuwazike wazazi wetu, nilikuwa nimewalisha wadogo zangu kwa kuchimba viazi katika mashamba ya watu, leo huku, kesho kule, na kazi hiyo ilikuwa inaisha. Shangazi ndiye aliyeanza. "Mtoto mwenyewe huyu aliacha shule kidato cha pili," alisema, kana kwamba sikuwapo. "Hana mtu wa kumwelekeza. Atasimamaje?" Baba mdogo akaitazama dari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kulaumiwa. "Una mpaka Krismasi, Tulizo," akasema. "Tafuta mtu wa kukushika mkono, mwenye ujuzi wake, akufundishe kazi. Umchague mwenyewe, usije ukasema tulikuchagulia. Krismasi nakuja. Nikikuta umesimama, mnabaki. Nikikuta bado, Eda anakuja kwangu, Yohana anakwenda Ikonda kwa shangazi yako, na Bahati tutaona." Bahati alikuwa na miaka sita. Akauliza, "Tutaona nini?" Kuku wa Shangazi akapiga mbawa pembeni, na mimi nikaenda kuipua chai.

Mama mdogo Sara alikuwa na jina tayari. Makambako kulikuwa na mtu waliyemwita Mwalimu Fadhili, kocha wa mafanikio, aliyekodi ukumbi kila Jumamosi na kuwafundisha vijana namna ya kupanga maisha. Kwa kuwa aliwahi kuishi jirani na Mama mdogo, alikuwa radhi kunipokea bila ada. Nikaenda. Sitaki kumcheka, maana siku ile sikumcheka. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vya bluu na mapazia mekundu, na alipoingia na suti yake ya kijivu watu walisimama kama wanavyosimama kanisani. Alikuwa na sauti ambayo hata bila kipaza sauti ingefika barabarani. Alisema hakuna mtu aliyezaliwa kuwa nyuma, na mimi, niliyekuwa nyuma tangu nilipojua kuhesabu, nikajikuta natokwa na machozi. Akatuambia kila mmoja amguse jirani yake amwambie, "Wewe ni mshindi." Jirani yangu alikuwa mzee mwenye koti la mvua. Akanigusa bega, akaniambia mimi ni mshindi, kisha akaniuliza kama najua choo kiko upande gani. Baada ya hapo Mwalimu alinipokea ofisini kwake, chumba chenye vyeti ukutani kuanzia kwenye kitasa hadi darini. "Jumatatu uje na daftari," akasema. Nilitoka nikiwa nimeshaamua.

Kilichonirudisha nyuma ni sahani ya wali na njegere. Niliingia katika mgahawa mdogo karibu na stesheni kusubiri basi, na meza ya nyuma yangu walikaa wanawake wawili wakibishana juu ya fundi cherehani wa kumpeleka binti wa mmoja wao. "Anashona vizuri mno yule," alisema mmoja. "Mimi sikuulizi anashonaje," akajibu mwenzake, mdomo umejaa. "Nakuuliza nani amejifunza kwake akaondoka na leo anashona mwenyewe. Nitajie mmoja." Yule wa kwanza akainamia sahani yake. "Unaona? Sasa unampeleka mtoto akafagie vitambaa miaka mitatu?" Wakacheka, wakaagiza maji ya moto. Mimi nilikaa na kijiko hewani. Nilikuwa nimekagua suti ya mtu, sauti yake na vyeti vyake, lakini sikuwa nimekagua alichowahi kukifanya ndani ya maisha ya mtu mwingine. Nikaacha njegere nusu, jambo ambalo mwaka ule halikuwa dogo, nikarudi ofisini.

"Mwalimu, samahani," nikamwambia, "nani umemlea, na sasa yuko wapi?" Hakukasirika. Alicheka kwa wema, akafungua albamu ya picha, ukumbi baada ya ukumbi, vichwa kama mbegu za alizeti. "Wako wengi, binti yangu," akasema. "Wengi hata majina yao siyakumbuki." Alijivunia jibu hilo, na ninaamini lilikuwa la kweli. Mimi nilikuwa na watoto watatu nyumbani ambao majina yao ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikamshukuru. Miaka mingi baadaye Eda alikwenda kumsikiliza na akarudi akiwa na ujasiri wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo simnyang'anyi sifa yake. Ila hakuwa wa kwangu.

Wiki iliyofuata nilizunguka Njombe nikiwauliza mafundi swali hilohilo. Mfuma masweta akaniuliza kama nataka kazi au nataka kumpeleleza. Seremala mmoja akasema vijana wa siku hizi hawafundishiki, wote waliopita kwake walikuwa wezi au wavivu, akawahesabu hadi saba, nami nikajiambia kwamba fundi aliyekosewa na watu saba mfululizo huenda naye ana lake. Siku ya soko, karibu na mwisho wa safu za wauza miche, nikamkuta mama mfupi mwenye kofia ya sufu na rozari shingoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake kulikuwa na miche ya matufaa na mapeasi, kila mmoja na kovu dogo karibu na chini ya shina, mahali kikonyo, kijitawi cha mti mzuri, kilipounganishwa na mche wa kienyeji. Kazi hiyo huku tunaiita kubebesha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Unanunua au unapita?"

"Nauliza. Nani umemlea katika kazi hii, na yuko wapi?"

Alivua kofia, akaivaa tena. "Wako watano," akasema. "Wa kwanza Festo, ana kitalu chake Tandala. Wa pili mke wa Festo. Nilimfundisha kwa sababu Festo ni mbishi. Wa tatu Joseline, aliolewa Makambako, ana mapeasi kuliko mimi. Wa nne alikufa, lakini miti yake inazaa." Akaurudishia mche mmoja udongo uliokuwa umetoka. "Wa tano anaitwa Yeremia. Yuko huko Liganga, anachunga ng'ombe za watu. Huyo nilimharibu mimi. Alikuwa na mkono mwema kuliko wote. Nilimsema mbele za watu, hapa hapa sokoni, kwa ajili ya miche miwili. Akaweka kisu chini akaondoka. Nimemfuata mara mbili, ananisalimia vizuri, lakini kisu hashiki."

Nimesikia watu wengi wakijieleza tangu siku hiyo, wenye vyeo na wenye mimbari, na sijapata tena kusikia mtu akiulizwa juu ya kazi yake akamtaja kwa jina yule aliyemkosea. Nilikuwa nimetafuta mtu asiyeshindwa, nikampata mtu aliyejua mahali aliposhindwa, njia ya kufika huko, na jina la aliyeumia. "Naomba niwe wa sita," nikamwambia.

"Wewe wa kanisa gani?"

"Mlutheri."

"Haya," akasema Mama Skola. "Miti haiulizi. Njoo kesho, uje umekula, mimi asubuhi sipiki."

Lakini alipika. Jiko lake lilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma chenye dirisha dogo lisilofungika, na kila siku saa nne tulikula humo viazi vilivyochemshwa na maganda yake, tukivimenya moto huku tukipuliza vidole. Hakupenda maneno wakati wa kazi, akayaweka yote kwenye viazi. Hapo ndipo aliponisimulia kwamba kazi hii alifundishwa na mtawa, Bruda Kaspari, katika bustani ya misheni, alipokuwa binti wa kufua nguo, na kwamba Bruda alikuwa Mpangwa mkali aliyewapenda watu kwa kuwakagua kucha. Mpaka Julai nilijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na kumwagilia. Julai, matufaa yalipopukutisha majani na umande ukaganda asubuhi mpaka nyasi zikalia chini ya viatu, alinipa kisu cha dukani na tawi la kujifunzia. Nikakata. Yeye alikuwa ameweka mikono yake yote miwili kwapani. Nilidhani ni baridi. Nikakosea, nikakata tena, nikajikata kidole, nikamtazama anisaidie, naye akaendelea kusimama mikono kwapani, uso umekunjamana kama mtu anayezuia chafya. "Mama, nionyeshe," nikasema. "Nilishakuonyesha. Nikigusa sasa, mti utakuwa wangu." Baadaye nikaelewa kwamba mikono ile kwapani ndiyo ilikuwa kazi yake ngumu kuliko zote, na aliifanya kila siku kwa ajili yangu. Kuijua kulikuwa kumemgharimu kumpoteza Yeremia.

Mwishoni mwa Julai nilikuwa nimebebesha miche sitini peke yangu. Unachonga kikonyo, unapasua shina, unalinganisha ngozi ya kijani ya huku na ya kule, unafunga kwa utepe wa nailoni, kisha unangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo nilipoharibu. Tangu tulipobaki wanne nilikuwa na tabia ya kuamka na kuweka kiganja mbele ya pua za wadogo zangu kuona kama wanapumua. Sasa kila asubuhi, kabla Mama Skola hajatoka ndani, nilifungua utepe wa miche mitatu minne, nikachungulia kama imeshikana, nikafunga tena kwa uangalifu mkubwa. Nilijiona mtu makini. Kufikia katikati ya Agosti vikonyo vya safu za mbele vilikuwa vimekauka kama njiti za kiberiti, na vilivyo hai vilikuwa tu kule nyuma ambako sikuwa nimefika. Arobaini na kimoja vilikufa. Krismasi ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimeua nyumba yangu kwa vidole vyangu.

Nilimwambia Mama Skola wakati wa viazi, kwa sababu nilijua ameshaona na hatasema. Alimaliza kumenya kiazi chake. Nilingoja kusemwa, ningefurahi hata kusemwa. "Na nyumbani unawafungua hivyo?" akauliza.

"Nani?"

"Hao watoto wako."

Nilikumbuka mkoba wa shule wa Eda ambao niliupekua kila jioni, na jinsi alivyoanza kuuacha kwa rafiki yake. Nilikumbuka Yohana, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, nikimfunga vifungo vya shati huku ameinua uso pembeni. Mama Skola akainuka, akatoka, akarudi na boksi la maranda yenye unyevu. Ndani yake, vimelala kama samaki, kulikuwa na vikonyo alivyovihifadhi mahali pa baridi tangu Julai. Arobaini na vitano. "Kila anayeanza hufungua," akasema. "Festo alifungua ishirini. Mkewe alifungua viwili, ndiyo maana nasema Festo mbishi. Wewe umevunja rekodi, Mlutheri." Akacheka hadi akakohoa, na mimi nikacheka na kulia pamoja, moshi ukisingiziwa. Alijua. Kabla sijakosea alikuwa ameshaliwekea kosa langu akiba, wala hakuniambia, kwa sababu kuambiwa kusingenifundisha kitu.

Nikabebesha upya. Sikufungua. Asubuhi nilikuwa naweka mikono kwapani, na nyumbani nikaacha kuupekua mkoba wa Eda. Mwezi wa Septemba mkoba ukarudi nyumbani wenyewe. Jumapili moja ya Oktoba, baada ya ibada, nilipita kitaluni na nguo zangu za kanisa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Kwenye mche wa pembeni kabisa, juu ya kovu nililolifunga mimi, chipukizi lilikuwa limepasua na kutoa jani dogo kama ukucha wa mtoto, lina rangi ya fedha kwa vinyweleo vyake. Halafu nikaona jingine. Halafu safu nzima. Nilipiga magoti kwenye tope bila kukusudia kusali. Miti miwili isiyo ya ukoo mmoja ilikuwa inakunywa maji pamoja, na mimi, niliyeacha shule kidato cha pili, ndiye niliyeikutanisha. Nimezaa watoto baada ya hapo, na nimewahi kuona bahari. Lakini mtu akitaja maajabu, mimi nakwenda kwenye jani lile.

Baba mdogo alikuja siku tatu kabla ya Krismasi, na pikapu ya kuazima. Alikuja nayo kwa ajili ya mizigo ya watoto. Alikuwa ameshahukumu kabla ya kufika, kwa kuwa habari za miche arobaini na mmoja iliyokufa zilimfikia na za ile iliyopona hazikumfikia. Hakunikuta nyumbani, akaja kitaluni, Eda, Yohana na Bahati wakiwa nyuma ya gari na mafurushi yao yamefungwa. Eda alikuwa ameuma midomo mpaka imeingia ndani. Nilisimama katikati ya miche iliyonifika magotini.

Mama Skola alijifuta mikono, akalizunguka gari, akagonga bodi. "Wewe ndiye Edmundi? Karibu. Umekuja na gari, vizuri sana. Joseline anangoja miche Makambako na mvua hazimsubiri mtu. Watoto, shukeni, pakieni. Mafurushi wekeni ndani kwangu."

"Mama, mimi nimefuata—"

"Umefuata kuona kama amesimama. Hii hapa yote ya safu hii ni yake. Uliza mti wowote nani aliufunga. Kisha shika upande huo wa kiriba, baba, usishike shina, utaliumiza."

Na Baba mdogo Edmundi, mwenye shati jeupe, akashika kiriba. Akapakia kimoja, akapakia cha pili, akasimama akiangalia kovu la mche wa tatu, akalipitishia kidole. "Hili ulilifanya wewe?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akaupakia nao. Watoto walikaa nyuma, kila mmoja amekumbatia mche, na Bahati akapiga kelele kutoka juu ya gari, "Baba mdogo, sasa tumeona?" Jioni waliporudi, mafurushi yalifunguliwa nyumbani kwetu, na hayakufungwa tena mpaka kila mmoja alipoondoka kwa miguu yake na kwa sababu yake.

Mwezi Januari Mama Skola alinichukua hadi misheni. Hakusema kwa nini. Bruda Kaspari alikuwa mzee sana, macho yamefunikwa na ukungu, amekaa kwenye chumba chenye kitanda, msalaba na meza yenye droo moja. Alinikagua kucha kwa kuzipapasa. Kisha akaniomba nikate. Nilichonga kikonyo nilichopewa, nikamwekea kiganjani, naye akapitisha dole gumba juu ya mkato, taratibu, mara mbili. Uani mtu alikuwa akifagia. "Mkono wa nani huu?" akauliza. "Wake mwenyewe, Bruda," akasema Mama Skola. "Uligusa?" "Sikugusa." Mzee akafungua droo, akatoa kisu chenye mpini wa pembe uliochakaa katikati, akamnyooshea. Si mimi. Yeye. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa amesimama kama mtoto wa kipaimara, akakipokea kwa mikono miwili na machozi yakamdondokea kwenye kofia ya sufu aliyoishika. Njiani ndipo aliponieleza. Bruda alimwahidi kisu chake siku atakapomlea mtu mmoja bila kumkatia mche hata mara moja. Festo, mkewe, Joseline na marehemu wa nne wote aliwakatia, mahali fulani, kwa kuwahurumia. Yeremia hakumkatia, lakini alimvunja. "Miaka ishirini na miwili," akasema. "Sasa kisu hiki utakipata hivyo hivyo. Sikuuzii, sikupi. Niletee mtu."

Wiki iliyopita, baada ya maziko ya Mama Skola, nilikuwa nimekaa jikoni kwake, chini ya dirisha lile lisilofungika, watu wakila makande uani. Yeremia alikuwapo, mvi kichwa kizima. Alikuja kutoka Liganga na alishika jembe kaburini kuliko wote. Mwanawe Mama Skola alinionyesha kisu, kipo juu ya kabati, kimefungwa kitambaa. "Mama alisema nisikupe mpaka uje na mtu," akasema, kwa aibu. Nikamwambia asione aibu. Mimi nina vitalu viwili na wafanyakazi kumi na mmoja, na watu huniita mwalimu. Ila wateja wakiwa wengi na kijana akisitasita, mkono wangu hutoka kwapani wenyewe.

Wakati ule akaingia msichana mmoja kuchukua sahani, Eliza, binti wa jirani, mlezi wa wadogo zake wawili. Alikuwa amesikia kuwa mimi ndiye wa sita. Akaweka sahani chini. "Mama Tulizo, nataka kujifunza kubebesha," akasema. "Lakini kwanza nikuulize. Nani umemlea, na yuko wapi?"

Sijui nani alimfundisha swali hilo. Yawezekana ni marehemu mwenyewe. Nilitamani kumtajia wafanyakazi kumi na mmoja. Nikamwambia, "Bado hakuna. Wote nimewakatia." Nikamtajia kwa majina wawili walioniacha wakiwa na hasira, na vijiji walikokwenda.

Alinitazama kama mimi nilivyomtazama Mama Skola pale sokoni, au ndivyo nilivyotaka kuamini. Kisha akaokota sahani zake. "Ahsante, mama. Acha nikafikiri," akasema. "Kuna mtu mwingine wa kumuuliza, yule mama wa mapeasi, yuko Makambako."

Leo ni Alhamisi, hajarudi. Kisu kiko juu ya kabati la Mama Skola, na mikono yangu naifanyia mazoezi.